Albamu ya kwanza: Don Williams (1973) au Randy Travis (1986)?

Santuri_Nakuru: Wakuu, habari za jioni. Mwezi huu nina hela ya santuri moja tu. Muuzaji ana Volume One ya Don Williams na Storms of Life ya Randy Travis, zote albamu za kwanza za studio za waimbaji hawa wa country wa Marekani. Nyimbo zao kubwa nazijua redioni, ila albamu nzima sijasikiliza. Nichukue ipi?

Mama_Gitaa: Don, usisite. Alishaimba na kundi la Pozo-Seco Singers miaka ya sitini, kwa hiyo alipoingia studio na mtayarishaji Allen Reynolds hakuwa mgeni. Sikiliza "Amanda": hapazi sauti hata kidogo, gitaa linatembea taratibu, na bado unamwonea huruma huyo mume anayemwambia mkewe kwamba alistahili kuolewa na mtu wa maana zaidi. Mwimbaji mwingine wa country, Waylon Jennings, aliurudia wimbo huo na kuufikisha namba moja 1979. Mimi nabaki na Don.

Mzee_wa_Kale: Dada, Don nampenda sana, lakini kijana anauliza albamu nzima. Volume One ina nyimbo tatu nzito, nyingine zinapita tu. Storms of Life huruki wimbo hata mmoja. "On the Other Hand" ilitoka 1985 ikaishia namba 67 kwenye chati ya country ya jarida la Billboard. Wakaitoa tena 1986, ikapanda hadi namba moja! Nashville, mji wa muziki wa country, ilikuwa imezama kwenye mapambo ya pop, na huyu Travis, aliyekuwa akipika na kuosha vyombo kwenye klabu ya Nashville Palace, akaja na fidla, gitaa la stili na sauti nzito isiyojitutumua. Kwenye "Diggin' Up Bones" mwanaume aliyeachwa anakesha akifukua barua za mapenzi na pete. Sikiliza anavyoizamisha sauti mstari unapoisha.

Rekodi_Kisumu: Siku ukipata hela nyingine, tafuta albamu ya kwanza ya Johnny Cash, naye wa country, ya 1957. Kwenye "I Walk the Line" hakuna ngoma: alipitisha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa, ikatoa ule mchakacho unaosikika kama ngoma.

Santuri_Nakuru: Asanteni. Mzee, nachukua Travis. Muuzaji huturuhusu kujaribu kabla ya kulipa.

Mama_Gitaa: Sawa mwanangu, lakini ukiwa hapo mwombe akuwekee na "Come Early Morning". Halafu ndipo ulipe.