Refa wa softiboli ya watoto: mnaangalia nini?

Mwalimu_Temeke: Wadau, habari za jioni. Natafuta refa wa mabinti chini ya miaka 14. Kuna kijana anazijua sheria zote, ila anaita straiki, yaani mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji, kama ananong'ona. Nimchukue?

BabaZai: Mchukue, sauti inafundishika. Mimi natazama macho. Atulie nyuma ya mdakaji mpaka mpira uingie kwenye glavu, ndipo aseme. Wengi wanaita ukiwa bado hewani! Na eneo la straiki ni kwapa mpaka juu ya magoti ya mtoto aliyesimama pale kupiga. Binti wa darasa la tano hana kwapa la Hasheem Thabeet, yule mrefu wa kikapu, jamani.

Dada_Kigamboni: Kwenye sauti sikubaliani na wewe, Baba Zai. Wakimbiaji wako besi (vituo vya kukimbilia) ya kwanza na ya pili, hajatolewa mtu au katolewa mmoja, mpira uliopigwa unapaa juu ya uwanja wa ndani (eneo la besi), wa kudakwa kirahisi. Refa apaze sauti palepale kwamba mpigaji katoka. Akinong'ona, watoto watakimbia ovyo, mjanja wa timu inayodaka auangushe makusudi, watolewe wawili kwa mpigo. Hapo utawatuliza wazazi?

BabaZai: Hapo umenibana, dada.

Mwalimu_Temeke: Ahsanteni. Jumamosi namweka besi ya kwanza, nyuma ya mdakaji bado.