Naomba ushauri: SIGTERM inayofika kabla read haijalala

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Lamu, naandika kwa lugha ya C programu ya Linux inayosoma uzito kutoka mizani ya samaki kupitia waya wa siriali, nami naomba mwongozo kuhusu ishara (taarifa fupi ambazo mfumo huitumia programu, kama SIGTERM inayoiomba ijizime) na miito ya mfumo inayosubiri, yaani maombi ya programu kwa kerneli, kiini cha Linux.

Mwito wa read, wa kusoma data, ukiwa umelala kuingoja, ishara iliyowekewa fanksheni yake huuamsha, na kerneli hurudisha kosa la EINTR, yaani mwito umekatizwa na ishara. Nikiweka SA_RESTART, chaguo la kuanzisha upya mwito uliokatizwa, read huanza upya yenyewe, ilhali poll (kungoja data iwe tayari) na nanosleep (kulala kwa muda) hurudi na EINTR hata hivyo. Hadi hapo naelewa. Kinachonihangaisha ni upenyo mdogo sana: programu ikishakagua kigezo cha kuacha kazi, kisha SIGTERM ifike kabla read haijalala, fanksheni itabadilisha kigezo lakini read italala vilevile, na kama hakuna samaki anayepimwa usiku kucha, programu haitazimika mpaka mashua zirudi.

Naelekea kutumia ppoll, ndugu ya poll, kwa sababu huruhusu ishara na kuanza kusubiri kwa hatua moja isiyogawanyika, ingawa signalfd, inayofanya ishara isomwe kama faili, nayo inanivutia. Tatizo ni kwamba nitaongeza mizani nyingine, kila moja na uzi wake (thread, mkondo wa kazi ndani ya programu), na ishara inayotumwa kwa programu nzima yaweza kupokewa na uzi wowote usioizuia. Je, niizuie SIGTERM katika nyuzi zote, kisha uzi mmoja uisome kwa signalfd? Na huo uziamshe vipi zile zilizolala kwenye read?