Mrejesho: ngano iliyonyeshewa ikiwa imekomaa

Wakuu, shukrani. Niliuliza kama nivune ngano yangu ya huku Basotu, Hanang, ikiwa na unyevu, au nisubiri ikauke shambani baada ya ile mvua isiyo na msimu. Nusu nilivuna mara tu mvua ilipokatika na jua kutoka, unyevu asilimia 17, nikaianika kwenye maturubai hadi 13. Imepona. Nusu ya pili kombaini (mashine ya kuvunia) ya jirani ilichelewa, mvua ikarudi siku tatu mfululizo. Nilipofikicha suke kiganjani, punje zilishatoa vijimizizi vyeupe. Mnunuzi alitia mkono guniani, akatikisa kichwa: ikishaota, wanga huanza kugeuka sukari, mkate unanata ndani. Imeishia chakula cha kuku, bei nisiitaje. Aliyeniambia nisiitegemee kombaini ya jirani, nina deni lako la soda.