Świątek alishinda mechi mbili kati ya tatu na bado akaaga Riyadh: hesabu ya makundi ikoje?

Mgeni wa Tenisi

Salaam wanajukwaa. Mimi nimetokea kwenye soka na tenisi nimeanza kuifuatilia juzi tu, kwa hiyo mniwie radhi ikiwa swali langu ni la kitoto. Nimekuwa nikipitia matokeo ya WTA Finals ya Novemba 2024 kule Riyadh, yale mashindano ya kufunga msimu wa tenisi ya wanawake ambapo wachezaji wanane hugawanywa katika makundi mawili ya wanne wanne na wawili wa juu wa kila kundi huingia nusu fainali. Iga Świątek alimshinda Barbora Krejčíková 4-6, 7-5, 6-2, akashindwa na Coco Gauff 3-6, 4-6, kisha akamshinda Daria Kasatkina 6-1, 6-0. Krejčíková naye alishinda mbili na kupoteza moja, tena hiyo moja aliipoteza kwa Świątek huyo huyo. Iweje basi Krejčíková aongoze kundi na Świątek afungashe virago? Nilipozoea mimi, timu mbili zikilingana pointi, mara nyingi huangaliwa nani alimfunga mwenzake.

Bibi Raketi

Karibu sana, na swali lako si la kitoto hata kidogo. Kigezo cha uso kwa uso kipo kwenye tenisi pia, lakini hutumika pale wanapolingana wachezaji wawili tu. Katika kundi lile walilingana watatu: Świątek alimshinda Krejčíková, Krejčíková akamshinda Gauff 7-5, 6-4, na Gauff alikuwa amekwisha kumshinda Świątek. Ukijaribu kuwapanga kwa uso kwa uso utazunguka kama ng'ombe wa kinu, kwa sababu kila mmoja ana mtu aliyemshinda na mtu aliyemshinda yeye. Ndiyo maana kanuni huhamia kwenye asilimia ya seti (sehemu za mechi; anayefikisha mbili ndiye mshindi), na zikilingana hizo, asilimia ya gemu, yaani vile vipande vinavyohesabiwa ndani ya kila seti.

Sasa hesabu. Krejčíková alichukua seti 5 na kupoteza 2, yaani asilimia 71. Gauff alichukua 4 akapoteza 2, asilimia 67. Świątek alichukua 4 akapoteza 3, asilimia 57. Kilichomtia hasarani ni ile seti ya kwanza ya mechi yake ya kwanza, 4-6. Siku ile alikuwa nyuma kwa seti moja na 0-3 katika ya pili, akarudi kwa ushupavu mkubwa akashinda, na sote tukadhani ameepuka balaa. Kumbe seti aliyoiacha ilikuwa inamsubiri mlangoni. Angeshinda kwa seti mbili mfululizo, na mengine yote yakabaki vilevile, wote watatu wangekuwa na seti 4 kwa 2.

Mzee wa Mashaka

Hesabu nimeielewa, ila mimi nina neno. Gauff alikuwa amekwisha kujihakikishia nusu fainali kabla ya kukutana na Krejčíková. Mchezaji wa namna hiyo ana sababu gani ya kujitoa mhanga? Hatima ya Świątek iliachwa mikononi mwa mtu asiyekuwa na cha kupoteza. Na juu ya hilo, Jessica Pegula, mchezaji wa nne wa kundi, alijitoa kwa jeraha la goti, Świątek akapewa Kasatkina, mchezaji wa akiba. Kundi halikuwa sawa.

Bibi Raketi

Ndugu yangu, cha kupoteza kilikuwepo. Ushindi mmoja wa kundi ulikuwa na dola 350,000 na pointi 200 za orodha ya ubora, na aliyemaliza wa pili alijua atakutana na kinara wa kundi la pili, ambaye alikuwa Aryna Sabalenka. Gauff alikutana naye kweli, akamshinda 7-6, 6-3, kisha akachukua fainali dhidi ya Zheng Qinwen 3-6, 6-4, 7-6 baada ya saa tatu na dakika chache. Aliondoka na dola 4,805,000. Ile mechi ya Krejčíková ndiyo iliyomnyima kufikisha 5,155,000. Sioni mtu akizitupa fedha hizo kwa uvivu.

Kuhusu Pegula, kumbuka alikuwa ameshapoteza kwa Gauff na kwa Krejčíková, zote kwa seti mbili kwa bila, kama Kasatkina alivyopoteza kwa Świątek. Nafasi ya nne iliwapa wote watatu seti zilezile mbili. Tofauti ilitoka kwenye mechi walizochezana wao kwa wao.

Kumbukumbu za Singapore

Naomba niongeze, kwa kuwa jambo hili limewahi kutokea kwa tarakimu zilezile. Mwaka 2014, mashindano haya yalipofanyika Singapore, Serena Williams alichapwa na Simona Halep 6-0, 6-2 kwenye kundi. Mwishoni Halep, Serena na Ana Ivanovic wote walikuwa na ushindi wa mechi mbili. Halep alikuwa na seti 5 kwa 2, Serena 4 kwa 2, Ivanovic 4 kwa 3. Aliyetolewa ni Ivanovic, ingawa katika mechi ya mwisho alimshinda Halep 7-6, 3-6, 6-3. Seti ile ya katikati, 6-3 ya Halep, ndiyo iliyompitisha Serena. Halep tayari alikuwa salama, na angeamua kulegea angemwondoa mchezaji aliyekuwa namba moja wa dunia. Hakulegea, wakakutana tena fainali, Serena akashinda 6-3, 6-0. Mzee wa Mashaka, hilo nalo lipime.

Mgeni wa Tenisi

Ahsanteni sana. Nimekaa na kalamu nikahesabu na gemu zenyewe, na nimeshangaa. Świątek alishinda gemu 36 na kupoteza 26, Gauff 33 kwa 25, Krejčíková 38 kwa 32. Kwa asilimia, Świątek angekuwa wa kwanza na Krejčíková wa mwisho! Kwa hiyo gemu zingetangulia seti, msimamo wote ungepinduka?

Bibi Raketi

Ungepinduka, na kazi uliyoifanya ni nzuri. Ila ondoa mechi za mchezaji wa nne uone, maana gemu 12 kwa 1 za Świątek zilitoka kwa Kasatkina aliyeingia kama mbadala. Baina yao watatu, Gauff ana 21 kwa 20, Krejčíková 26 kwa 26, Świątek 24 kwa 25. Hapo malalamiko ya Mzee wa Mashaka kuhusu mchezaji wa akiba yangekuwa na uzito, lakini yangetolewa na kambi ya Krejčíková.