Gumzo la ukoo: Bango la Eugene Bullard

*Zuhura:* Shikamooni. Bango la klabu ya historia linachapwa kesho. Nimeandika: "Eugene Bullard, rubani wa kwanza mweusi wa ndege za kivita duniani, alitungua ndege 2 za Wajerumani." Liko sawa?

*Mjomba Hamisi:* Marahaba mwanangu. Toa "duniani", weka "Mmarekani mweusi wa kwanza". Ahmet Ali, rubani mweusi wa dola ya Osmani (Uturuki ya zamani), naye anatajwa kuwa wa kwanza. Hizo 2 alizidai mwenyewe, hazikuthibitishwa. Wafaransa hawakuhesabu neno la rubani peke yake, walitaka mashahidi. Ndege ikiangukia upande wa Wajerumani, nani atatoa ushahidi?

*Kaka Omari:* Usiruke alikotoka. Kazaliwa Columbus, Georgia, 1895. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, kaingia Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linaloandikisha wageni. Machi 1916 akajeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Verdun, Ufaransa, vita vya miguu vikamshinda, ndipo akaomba urubani. Leseni 5 Mei 1917. Agosti akapangiwa kikosi cha ndege N.93, halafu N.85. Aliruka kama mara 20 hivi.

*Zuhura:* Ndege gani?

*Mjomba Hamisi:* Nieuport na SPAD VII. SPAD VII ina bombomu moja tu, Vickers, iliyopangwa ipige risasi katikati ya mapanga ya pangaboi bila kuyagusa. Ikikwama angani, huna ya pili.

*Shangazi Mwanaidi:* Mimi nataka 1917 iandikwe wazi wazi. Marekani ilipoingia vitani iliwachukua marubani wake waliokuwa na Wafaransa. Bullard akapimwa afya, akafaulu, wakamwacha kwa sababu ya rangi yake! Januari 1918 akarudishwa jeshi la miguu, kikosi cha 170. Dhuluma hiyo isipotajwa, bango halina maana.

*Zuhura:* Kwa hiyo heshima zote zilikuja baada ya kifo?

*Kaka Omari:* Za Ufaransa, la. Croix de guerre, nishani ya ushujaa vitani, alivaa akiwa hai. 1954 alialikwa Paris kuwasha upya mwenge kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana, 1959 akapewa Légion d'honneur, nishani ya juu ya Ufaransa. Miaka hiyo kwao Marekani alikuwa akiendesha lifti Rockefeller Center, New York. Alifariki 12 Oktoba 1961.

*Shangazi Mwanaidi:* Marekani ikamkumbuka 1994, miaka 33 baadaye: ikampa cheo cha Luteni Usu wa Jeshi la Anga. Hicho ni cheo, Zuhura, usiandike nishani. Sanamu yake ilisimamishwa Warner Robins, Georgia, 2019.

*Zuhura:* Nimeelewa shangazi. Narekebisha sasa hivi.

*Mjomba Hamisi:* Ukimaliza itume hapa kwanza, kabla haijaenda kwa mchapaji.