Radiolojia ya kutibu: mwanafunzi wa Bukavu aanzie wapi?

Stajeri_Kadutu: Jambo wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari hapa Bukavu, kwenye staji ya uzazi. Juzi mama mmoja alivuja damu baada ya kujifungua, ikabidi kizazi kitolewe. Nimesoma kwamba kwingine wanapitisha mrija mwembamba kinenani, wanaufikisha kwenye mishipa ya kizazi na kuiziba, damu inakata. Kazi hiyo ndiyo naitaka. Ila mashine ya anjiografia, ile inayoonyesha mishipa ya damu kwa eksirei, sijawahi kuiona kwa macho. Baba mkubwa anasema nipitie upasuaji kwanza. Ni kweli?

Yaya_Ekografi (Goma): Mdogo wangu, msalimie baba mkubwa, lakini hapana. Mlango ni radiolojia. Charles Dotter, aliyefungua mshipa wa mguu kwa mrija mwaka 1964, alikuwa mwanaradiolojia. Mgonjwa wake, bibi wa miaka 82, alikuwa amekataa kukatwa mguu, madaktari wa upasuaji wakampeleka kwake.

Ya Marekani nitayapita haraka: tangu 2012 fani hii kwao ni ubingwa unaojitegemea, mwaka mmoja wa mwanzo kisha mitano, na mitihani yao ni ghali. Tazama karibu. Muhimbili, Dar es Salaam, wana shahada ya uzamili ya fani hii tangu 2019, miaka miwili, lakini lazima uwe tayari bingwa wa radiolojia. Darasani ni Kiingereza. Wodini Kiswahili, na hapo wewe umeshavuka.

Sasa mashine. Usiingoje! Kazi nyingi za fani hii zinafanyika kwa ekografi (picha za mawimbi ya sauti) na sindano: kunyonya usaha wa jipu la ini, kuchukua kipande cha uvimbe, kuweka mrija kwenye figo iliyoziba. Mimi mwenyewe nilizoeza mkono kwa nyama ya kuku. Jaza maji kidole cha glavu, kifunge, kizike ndani ya nyama, kisha kitafute kwa sindano ukiangalia skrini. Utakachogundua ni kwamba sindano inapotea, kwa sababu unasogeza mikono yote miwili. Mmoja utulie. (Kuku huyo usimpike, tafadhali, jeli ya ekografi haina ladha.) Mkono ukishatulia, jifunze njia ya Seldinger ya 1953: sindano, waya, toa sindano, pitisha mrija juu ya waya. Na waya usiuachie hata sekunde.

Fundi_wa_Skana (Lubumbashi): Naongeza: kwenye anjiografia mionzi inawaka muda wote unapokanyaga pedali. Vaa aproni ya risasi (madini yanayozuia mionzi), kinga ya shingo, na kipimo cha mionzi kifuani. Nimeona madaktari wanaoacha kipimo kabatini ili kisionyeshe kwamba wamepigwa na mionzi mingi. Usiwaige.

Stajeri_Kadutu: Aksanti sana yaya. Na kama chifu wa radiolojia hataki wanafunzi washike sindano?

Yaya_Ekografi: Omba kumshikia probu, kile kichwa cha ekografi kinachowekwa kwenye ngozi. Atachoka mkono kabla yako.