Aliyenipora simu kala mvua 30 (miaka 30 jela), na mimi niliyeporwa naona haijakaa sawa. Tujadili

Wakuu habari za jioni. Naleta hii mada nikijua kabisa kuna watu watanishukia, ila imenikaa kifuani muda mrefu na leo nimeona niitoe.

Mwaka 2021, saa nne usiku natoka kazini, nilikabwa na vijana wawili hatua chache kutoka nyumbani. Mmoja ana panga, akaniwekea begani hapa, ubapa sio makali, akasema toa simu. Nikatoa simu na elfu kumi na tano iliyokuwa mfukoni. Hawakunikata wala hawakunipiga, wakaondoka. Mmoja mpaka leo hajaonekana, huyu wa panga alidakwa wiki hiyohiyo akiwa anataka kuuza simu yangu. Dogo wa miaka 20.

Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana kwahiyo alikaa mahabusu muda wote, upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, mpaka 2022 ndo hukumu ikatoka. Nilishatoa ushahidi wangu lakini siku ya hukumu nilienda tu kwa hiari yangu, nilitaka nimuone anavyofungwa, sitaki kudanganya, bado nilikuwa na hasira maana kwa miezi nilikuwa nikisikia hatua nyuma yangu usiku naanza kukimbia mtu mzima.

Hakimu akasoma, akamtia hatiani. Upande wa mashtaka wakaulizwa kama ana makosa ya nyuma, wakasema hawana kumbukumbu. Dogo akaulizwa ana lolote, akasema mheshimiwa naomba nipunguziwe ni kosa langu la kwanza na mama ananitegemea. Hakimu akavua miwani, akasema nimekusikia lakini kifungu cha 287A cha Kanuni za Adhabu kinasema isipungue miaka 30 na mimi sina pa kushukia. Basi. Dakika mbili hazikufika.

Mama yake alikuwa benchi la nyuma yangu. Askari wanamtoa dogo kwenda kwenye karandinga, yule mama akamshika karani mkono akamuuliza, mwanangu, thelathini inaishia mwaka gani? Karani akachana kipande cha karatasi akaandika 2052. Mama akakikunja akakifunga kwenye pindo la kanga, pale wanapofunga hela.

Sa swali langu ni hili. Hiyo sheria haimuulizi hakimu kitu. Mwenye panga la kutishia na simu ya laki mbili, na mwenye bunduki aliyevunja duka akavunja na taya la mlinzi, wote wanaanzia 30. Kosa la kwanza, kosa la tano, wote 30. Na mimi niliyewekewa panga sikuulizwa hata neno moja kuhusu adhabu. Kama adhabu imeshaandikwa Dodoma, hakimu pale anabaki na kazi gani? Tujadili bila matusi.

—

Mleta mada samahani kwa yaliyokukuta lakini una bahati, wewe uliwekewa ubapa. Mdogo wangu wa kiume Dar 2022, kipindi kile panya road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, wanaingia nyumba kwa nyumba, alikatwa mkono wa kulia akiwa kitandani kwake, KITANDANI, na waliomkata ni watoto wa umri huohuo wa huyo dogo wako. Mpaka leo hawezi kushika nyundo na alikuwa fundi seremala, ana watoto watatu. Hakuna karani wa kumwandikia mdogo wangu kwenye karatasi mkono wake utarudi mwaka gani.

Mnamhurumia mwenye panga kwa sababu mlimuona akilia kizimbani. Wakati ameshika panga alikuwa halii. Akijua kuna 30 anaogopa, ukimpunguzia unawaambia wenzake waliobaki mtaani kwamba inalipa. Na niseme ukweli ambao wengi mnauogopa, mahakama ikianza kulegea wananchi watarudi kwenye tairi na petroli, afadhali hiyo 30 dogo yupo hai anakula ugali wa serikali.

—

Mkuu wa hapo juu pole sana kwa ndugu yako, nimesoma mara mbili. Waliomkata mdogo wako mimi hata wakipewa hiyo 30 sina neno, ndo maana nasema hakimu aachiwe kupima. Ila hapo kwenye tairi sikubali. Hii 30 ipo miaka mingi, na tairi zimechomwa miaka hiyohiyo yote. Anayebeba jiwe hajawahi kusema namuua kwa sababu kifungo ni kifupi, anasema leo wanamkamata kesho tunakutana naye sokoni. Huo ni ugonjwa wa polisi na upelelezi, hautibiwi kwa kuongeza miaka.

Na hili la viboko na vifungo vya lazima tumelianza zamani jamani. Sheria ya 1963, wakati wa Mwalimu, iliweka viboko 24 kwa wezi na wala rushwa, 12 akiingia gerezani na 12 akitoka, halafu 1972 ikafutwa ikaandikwa nyingine. Wazee wetu walidhani wizi utaisha, je uliisha?

—

Mimi ni mwanamke, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii ngazi ya kata kwa miaka mingi na naomba wanaume wa uzi huu mnisikilize kidogo. Mnapoongelea kumwachia hakimu apime, mnajua ilikuwaje kwenye ubakaji? Kabla ya ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 hakimu alikuwa anapima, na alikuwa anapima kama mwanaume wa mtaani. Binti alivaaje, alikuwa wapi saa hizo, mshtakiwa ni baba wa familia anasomesha. Mtu anatoka na kifungo cha aibu. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na kina mama wengine walipigana mpaka Bunge likaweka 30, na maisha kwa aliyembaka mtoto chini ya miaka 10, na hawakuokota hizo namba barabarani, zilitokana na kutowaamini mahakimu, na walikuwa na sababu.

Kwahiyo mkitaka kugusa hicho kiwango cha chini cha adhabu mjue mnagusa nini. Mimi nimeshika mkono wa mtoto wa miaka 9 pale dirishani tunasubiri PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Sitaki kusikia "kosa la kwanza".

Lakini, na hapa nasema kitu ambacho kazini sikuwa nakisema kwa sauti, hiyo 30 imenipotezea kesi pia. Mbakaji mara nyingi ni mtu wa ndani, mjomba, baba wa kambo. Familia ikishasikia thelathini kikao kinaitishwa usiku uleule, bibi analia, tunamuua mwanetu, nani atalisha hii nyumba, asubuhi mama wa mtoto anakuja ofisini anasema mtoto alidanganya. Nimeona mashahidi wanahamishwa mkoa. Kesi inaondolewa mahakamani, hapati 30, hapati 10, hapati hata siku moja, na anarudi kulala nyumba ileile na yule mtoto. Sasa mimi sina jibu, nawaambia nilichokiona tu.

—

Dada umegusa penyewe. Niongeze la kisheria kidogo maana nipo karibu na haya mambo.

Umri. Kifungu cha 131 cha Kanuni za Adhabu, cha ubakaji, kijana wa miaka 18 kushuka chini kwa kosa la kwanza anapigwa viboko tu anaenda nyumbani. Akishavuka hapo ni 30. Na kwa binti, chini ya 18 kukubali kwake hakuhesabiki. Maana yake kijana wa 19 na mpenzi wake wa 17, wamesoma shule moja, wanaandikiana barua, baba wa binti akikasirika dogo kaenda na mvua 30 sawa na jitu lililomvamia mwanamke kichakani. Upande wa pili Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa 15 aolewe wazazi wakikubali, na akishaolewa sio ubakaji, kwahiyo mzee wa miaka 60 aliyetoa ng'ombe yuko salama kabisa. Mahakama Kuu ilisema 2016 vifungu hivyo vya ndoa vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019 na kuipa serikali mwaka mmoja irekebishe, mwaka ukapita vifungu vikabaki vilevile. Halafu 2016 hiyohiyo Sheria ya Elimu nayo ikaongezewa 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Yaani kila tukikasirika tunaandika 30, namba imekuwa kama mhuri.

La pili ni rufaa. Mtu wa mvua 30 hana cha kupoteza, atakata rufaa mpaka mwisho. Na huko juu kesi nyingi za usiku zinaangukia kwenye utambuzi: mwanga ulikuwa wa nini, taa au mbalamwezi, umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, ulikuwa unamfahamu kabla, haya masharti Mahakama ya Rufani ilishayaweka tangu 1980. Ushahidi ukiwa mwembamba anaachiwa, ameshakaa ndani miaka 6 au 8. Kama hakufanya, tumemmaliza bure. Kama alifanya, aliyeibiwa anamuona tu mtaani hajui hata imekuwaje.

—

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu tumepita hiyo njia na haijaisha. Desemba 2017 Mahakama ya Upeo, korti ya juu kabisa hapa Kenya, ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji ni kinyume cha Katiba, jaji lazima amsikize mfungwa kwanza kabla hajampa adhabu. Haikufuta kifo, ilifuta ile lazima. Wafungwa wakafurika kortini wakitaka wahukumiwe upya, hadi wa wizi wa mabavu, hadi wa unajisi, yaani kubaka watoto. Julai 2021 hiyo korti ikabidi itoke tena iseme tulimaanisha mauaji peke yake. Halafu Aprili 2024 kwa kesi ya unajisi Korti ya Rufaa ilikuwa imepunguza miaka 20 ikawa 15, Mahakama ya Upeo ikarudisha 20, ikasema kiwango cha chini ni cha Bunge na hakikuwa kimepingwa vile inafaa.

Kwa hivyo ndugu zangu msidhani korti itawafanyia kazi yote. Na wananchi huku wengi walikasirika, 2017 nilikuwa kwa matatu dereva anasema sasa wauaji wote wanatoka. Hakuna aliyetoka siku hiyo. Walirudi tu kusikizwa.

—

Mimi nauliza tu mnaotaka mageuzi, mna mpango gani na huyo akitoka? Maana Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002, mtu wa kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kwenda kufagia hospitali badala ya jela, na huku kijijini kwetu alipoonekana mmoja anafagia zahanati watu walisema katoa hela. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alisema. Msipowaeleza watu kwamba ile nayo ni adhabu mtaandika sheria nzuri na watu watamsubiri njiani.

—

Mleta mada narudi. Nimesoma yote na nashukuru hakuna aliyetukana.

Mkuu wa mwisho umesema kweli, na nadhani hapo ndo shida ilipo. Sisi tumezoea kusikia namba. Gazeti linaandika "jela miaka 30", tunasema safi, tunafunga ukurasa, hakuna anayeuliza yule aliyekatwa mkono amelipwa nini. Kwenye kesi yangu fidia haikutajwa, na simu yangu mpaka leo ni kielelezo, nimeambiwa nisubiri rufaa iishe.

Dada wa ustawi wa jamii, maneno yako yamenibadilisha kidogo. Nilikuja hapa nikitaka kiwango cha chini kifutwe kote. Sasa nasema kwa watoto wadogo kibaki, sitaki mjadala. Lakini kwa unyang'anyi, na kwa hao vijana wa 19 na wapenzi wao, hakimu apewe nafasi ya kushuka, na akishuka aandike sababu ili Mahakama Kuu iweze kumsahihisha kama kapokea kitu. Na aliyetendewa aulizwe. Mdogo wake mkuu pale juu aulizwe, na mimi niulizwe.

Kuna mtu kaniuliza inbox ungekuwa hakimu ungempa mingapi. Saba, na anilipe simu. Angetoka 2029 ana miaka 28, bado ana mikono ya kufanya kazi. Sikulala vizuri karibu mwaka mzima kwa ajili yake na bado nasema saba.

Yule mama anauza vitumbua njia ya kwenda stendi. Mwezi uliopita alinisimamisha, sikumtambua, akafungua pindo la kanga akatoa elfu tano akasema hii ni ya simu, nitakuwa naleta kidogokidogo. Nilimkatalia. Akaniuliza kama naweza kuandika barua kwenda kwenye rufaa niseme hakunikata. Nimeulizia, nimeambiwa barua ya shahidi haibadilishi kitu, 30 ni 30. Bado sijarudi kumwambia, siku hizi nazungukia njia ya sokoni.

Kama kuna mwanasheria humu anayejua njia nyingine naomba aiseme.